Jina Moja, Wenyewe Wawili

Ziwa Tanganyika lilikuwa na jina lake zamani kabla nchi ya Tanganyika haijazaliwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858, baada ya safari ndefu kutoka pwani, walilikuta jina hilo vinywani mwa watu wa njia ya misafara, wakalichukua kama walivyolisikia. Miaka 62 baadaye Waingereza, waliokabidhiwa sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, walihitaji jina la kuiita. Hawakubuni jipya, bali walilitwaa jina la maji yaliyo mpakani mwa magharibi wakaivika nchi kavu. Tangu mwaka 1920 pakawa na Tanganyika mbili, moja ya kuvua na moja ya kulima.

Ziwa halikuulizwa. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Kitu cha ukubwa huo hakibabaishwi na wajina. Walakini lau lingekuwa na ulimi lingeweza kuuliza swali la haki: mtu akitamka "Tanganyika" pasipo kuongeza neno, nani aitike? Kwa muda wa miaka 44 jibu lilitegemea msemaji ni nani na amesimama wapi. Karani wa Dar es Salaam alipoandika jina hilo juu ya karatasi yake alikusudia serikali. Mvuvi wa Ujiji alipolitaja huku akitazama mawingu alikusudia mawimbi. Hata tarehe 26 Aprili 1964 nchi ikaungana na Zanzibar, na tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule ikaitwa Tanzania. Nchi ililivua jina la kuazima, na ziwa likabaki na lake.

Jina zuri, hata hivyo, halikai bila mposaji. Mwaka 2015 Kongo ilipoigawa Katanga, jimbo moja liliitwa Tanganyika, na makao yake ni Kalemie, ng'ambo ya maji. Upande wa Tanzania, Mkoa wa Katavi nao una Wilaya ya Tanganyika, ambayo Karema ya pwani ya ziwa imo ndani yake. Basi leo mtu wa Kalemie na mtu wa Karema wanaweza kukutana katika mashua moja, kila mmoja akasema kwamba ametoka Tanganyika, na hakuna mwongo kati yao. Wataulizana neno la pili, watacheka, na safari itaendelea.

Wataulizana: hilo ndilo linalowaokoa. Binadamu anaposikia jina lenye wenyewe wawili hutazama uso wa msemaji, hukumbuka walichokuwa wakizungumza, na asipotosheka huuliza. Mashine ya hesabu, yaani kompyuta, haina uso wa kutazama wala haya ya kukosea. Ikipewa jina huenda moja kwa moja kwa mwenye jina aliye karibu zaidi kwa mujibu wa kanuni zake, na huyo humwamini. Kwa sababu hiyo ugomvi wa majina ambao ziwani ni kichekesho, katika maandishi ya programu ni hatari inayostahili kufikiriwa na wasomi, hata wale ambao hawajapata kuandika programu maishani mwao.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila lugha ya kuandikia programu huja na akiba ya majina yake ya asili: jina la kujumlisha, jina la kupanga, jina la kuhesabu vilivyomo katika orodha, na kadhalika. Hawa ni wenyeji. Kisha watu wengine huandika nyongeza, ambazo huitwa maktaba au viongezo, ili kuipa lugha uwezo ambao haikuzaliwa nao. Hao ni wageni, na kila mgeni huja na majina yake. Aghalabu majina hayo huwa yale yale, kwa kuwa kitendo kizuri cha kujumlisha hakuna mtu atakayekiita kwa jina la kufulia nguo. Mgeni na mwenyeji wakiwa na jina moja chini ya paa moja, lugha nyingi hazipigi kelele. Mgeni humfunika mwenyeji kama nguo inavyofunika kiti, na anayeita jina huitikiwa na aliye juu.

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi wa Ujiji ambaye shangazi yake huuza dagaa Kibirizi. Kijana huyo anajifunza lugha ya Python, na anataka kumwandikia shangazi programu ya hesabu. Kwa siku 5 shangazi ameuza gunia 0, 1, 2, 3 na 4. Lakini alianza juma akiwa na deni la gunia 1 kwa mwenziwe. Lugha ya Python ina mwenyeji aitwaye "sum", ambaye kazi yake ni kujumlisha. Akipewa orodha na namba nyingine pembeni, huichukua namba ile ya pembeni kuwa mwanzo wa hesabu. Kijana humpa mauzo ya siku 5, na pembeni humwekea kasoro 1, ambayo ni deni. Mwenyeji hujibu: 9. Ndiyo hesabu ya kweli, kwa maana gunia 10 zimeuzwa na moja ni ya watu.

Baada ya siku chache kijana husikia sifa za NumPy, nyongeza mashuhuri inayotumiwa na wanasayansi wa dunia nzima, naye huileta katika programu yake kwa amri moja fupi yenye alama ya nyota, ambayo maana yake ni "leta vyote vilivyomo." Miongoni mwa vilivyomo yumo "sum" mwingine. Huyu naye hujumlisha, na hujumlisha vizuri sana. Lakini namba ya pembeni kwake si mwanzo wa hesabu. Kwake ni jibu la swali jingine, yaani upande upi wa jedwali ufuatwe katika kujumlisha, na kasoro 1 maana yake ni upande wa mwisho. Orodha ya shangazi ina upande mmoja tu, basi upande wa mwisho ndio huo huo. Mgeni hujumlisha, hujibu: 10. Herufi za programu hazikubadilika hata moja, ila deni la gunia limefutika pasipo mdai kusamehe.

Kuna jambo la kutisha zaidi ndani ya mfano huu, na wengi hulipita bila kuliona. Lau deni lingekuwa gunia 2, mgeni angeombwa afuate upande wa pili kutoka mwisho, upande ambao haupo. Angekataa kazi na kutoa taarifa ya kosa, na kijana angegundua. Kwa kuwa deni lilikuwa moja, kila kitu kilikwenda kimya. Mashine inayokataa ni rafiki hata kama inaudhi. Inayokubali ombi lisilokuwa lile uliloliomba ndiyo inayomgombanisha shangazi na mwenziwe sokoni, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwizi, ilhali mwizi ni jina.

Dawa ya jambo hili watu wa Kigoma waliijua kabla kompyuta hazijafika, nayo imo katika biashara ile ile ya shangazi. Dagaa ni jina la samaki wengi wasiokuwa ndugu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili ambazo wataalamu huziita Stolothrissa na Limnothrissa, nao ni wa ukoo wa samaki wa baharini kama saradini. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola, wa ukoo mwingine kabisa. Dagaa wa Bahari ya Hindi ni wengine tena. Mpishi wa Dar es Salaam akienda sokoni na kuomba "dagaa" bila neno zaidi, anaweza kurudi nyumbani na kitoweo ambacho hakukitaka, tena kwa bei tofauti. Kwa hiyo hasemi hivyo. Husema dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, dagaa wa pwani. Herufi mbili tu, "wa", zimetosha kuwatenga samaki ambao sayansi iliwatenga kwa vitabu.

Tena yafaa kuangaliwa neno hilo linapotumika na linapoachwa. Ufukweni Kibirizi hakuna asemaye "dagaa wa Kigoma". Angeonekana mgeni au mtu wa mashairi. Pale jina fupi latosha, maana dagaa wengine hawapo. Jina hurefuka linapopanda gari moshi. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilibeba pamoja na mizigo haja hii ya kuongeza neno, kwa kuwa katika soko la mbali wenyeji ni wengi na wageni ni wengi. Wanafunzi wa programu hufundishwa kanuni iyo hiyo kwa maneno magumu: jina fupi lina haki nyumbani kwake tu, likitoka nje litaje kwao. Katika Python kijana wa Ujiji angeileta NumPy kwa jina lake, kisha akamwita "sum" wa NumPy kwa kutaja NumPy kwanza, na kati ya majina hayo mawili huwekwa nukta. Nukta hiyo si kitu ila ni "wa" ya dagaa, iliyopinduliwa tu mpangilio: kwao hutangulia, jina hufuata.

Kiswahili kina dawa ya pili, nayo ni ya kifahari zaidi. Eropleni ilipokuja ilipewa jina la mwenyeji wa siku nyingi, ndege. Hapa mgeni alikuja na jina lililokwisha kuwa na mwenyewe, wala hakuna aliyemwongezea neno, na hata hivyo msikilizaji hapotei. "Ndege ametua" ni yule mwenye manyoya. "Ndege imetua" ni ile yenye abiria, na mtu aliye karibu na uwanja wa Kigoma hujua ainue macho kutazama mti au barabara ya kutulia. Jina ni moja, upatanisho wa sarufi ndio unaotenganisha. Zipo lugha za mashine zifanyazo vivyo hivyo, ambazo huruhusu vitendo viwili viitwe jina moja na kuchagua kwa kutazama aina ya kitu kilichopewa. Dawa hii ni nzuri mradi aina zionekane. Shangazi alitoa orodha ya namba na namba ya pembeni, na wajina wote wawili walikubali vitu vya aina hiyo hiyo. Upatanisho hauna la kusema hapo, kama usivyokuwa na la kusema watu wawili waitwao Juma wakiitwa kwa pamoja. Katika desturi ya pwani wawili hao wangeitana somo, na mama mwenye nyumba angetafuta neno la kuwagawa: Juma mkubwa na Juma mdogo.

Hadi hapa hukumu ni nyepesi: mwenyeji akae, mgeni ataje kwao. Mkoa wenyewe umeishi kwa hukumu hiyo bila fujo. Kigoma ni jina la mkoa, ni jina la wilaya, ni jina la mji. Na kilomita chache kusini mwa bandari yake iko Ujiji, mji mkongwe wa misafara uliojulikana duniani wakati Kigoma ilikuwa haijatajwa. Serikali ya mji imeandikwa Kigoma-Ujiji, na kistari kimoja kimezuia mzozo wa nani ammeze nani. Mambo huwa mazito pale mwenye nyumba mwenyewe anapotaka kuleta kitu kipya, akakuta jina alilolichagua limekwisha kuchukuliwa na mgeni aliyekaa miaka mingi barazani.

Kesi hiyo ilitokea mwaka 2018 katika lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo inayoendesha kurasa za intaneti ndani ya vivinjari. Miaka mingi nyuma, tangu mwaka 2006, nyongeza iitwayo MooTools ilikuwa imeenea. Waandishi wake hawakukaa nje ya nyumba na majina yao. Waliingia ndani kabisa, wakavipachika vitendo vyao juu ya orodha za asili za lugha, hata kila orodha katika ukurasa ikaonekana kana kwamba imezaliwa navyo. Kimoja kiliitwa "flatten". Kazi yake ni kuzibapaza orodha zilizomo ndani ya orodha ziwe moja. Wakati ule wenyeji hawakuwa na kitendo cha namna hiyo, basi hapakuwa na mgongano. Maelfu ya kurasa ziliandikwa, watu wakalipwa, wakaenda zao.

Baadaye kamati inayoitunza lugha hiyo, TC39, iliona kwamba kubapaza orodha ni haja ya kila mtu, ikataka kuiweka miongoni mwa vitendo vya asili kwa jina ambalo kila mtu angelitarajia: flatten. Kivinjari cha Firefox kilikiweka kitendo hicho katika toleo lake la majaribio, na mara ukurasa wa zamani ukavunjika. Sababu yake ni ya kushangaza, nayo yafaa kuelezwa, maana mtu angedhani kwamba mgeni aliyezoea kuketi juu ya kiti angeketi tu hata kama sasa kuna mwenye kiti. Kweli aliketi, MooTools ilikiweka kitendo chake juu ya kile cha asili. Lakini majina ya asili katika JavaScript yamewekewa alama ya siri kwamba yasisomwe wakati wa kuita mahudhurio, na mgeni akiketi penye alama hiyo, alama haifutiki. MooTools nayo ilikuwa na nyumba ya pili, kundi la vitu vya ukurasa, ambayo ilijazwa kwa kuita mahudhurio katika nyumba ya kwanza na kunakili kila aliyeitika. Mahudhurio yakaitwa, flatten akawa yumo lakini hasomwi, nyumba ya pili ikakosa nakala yake, na ukurasa uliomtafuta humo ukafa. Hakuna aliyekosea siku hiyo. Kosa lilikuwa la miaka 10 na zaidi nyuma, nalo lilikuwa limelala.

Maneno yalikuwa mengi. Mmoja wa wahusika alipendekeza kwa mzaha kwamba kitendo kiitwe "smoosh", neno la kitoto lenye maana ya kubonyeza na kuponda, na mzaha ulipotoka nje ulichukuliwa kuwa hukumu, watu wakakasirika. Lakini chini ya kelele palikuwa na swali la kweli. Upande mmoja ulisema: waandishi wa MooTools ndio walioingia chumba cha ndani bila hodi, kwa nini lugha ya ulimwengu mzima ivae jina baya milele ili kuwatunza wachache walioacha hata kuitengeneza nyongeza yao? Ukurasa uvunjike, mwenyewe autengeneze. Upande wa pili ulijibu kwamba kurasa nyingi za namna hiyo hazina tena fundi. Aliyeziandika amebadili kazi au amefariki, na anayezitumia ni mtu ambaye hajapata kusikia neno MooTools. Huyo akifungua kivinjari kipya akakuta ukurasa umekufa hatailaumu nyongeza. Atasema kivinjari ni kibovu.

Upande wa kwanza ulikuwa na haki ya kisheria, na mtu apendaye usafi wa lugha humwia vigumu kutouunga mkono. Hata hivyo upande wa pili ndio ulioona sawa, kwa sababu uliuliza swali ambalo watu husahau kuuliza katika ugomvi wa majina. Kwa kawaida huulizwa nani alitangulia, na nani ni mwenye nyumba. Ni haba kuulizwa nani anaita. Jina huwatumikia wale waliokwisha kulizoea na ambao kazi yao itaharibika likiitikiwa na mwingine, na hao mara nyingi hawamo barazani jambo linapokatwa. Mwezi wa Mei mwaka 2018 kamati ilikubali kuuita mwenyeji wake mpya "flat", jina fupi ambalo halikuwa na mtu, nacho kikaingia katika toleo la lugha la mwaka 2019. Mwenye nyumba alimpisha mgeni. Na haikuwa mara ya kwanza. Miaka michache kabla yake kitendo cha kuuliza kama kitu kimo katika orodha kilikusudiwa kuitwa "contains", ikaonekana kwamba MooTools ina jina hilo pia, kikaitwa "includes".

Ni vema kuweka kando ya jambo hili lile lililotokea katika safari ile ile iliyowafikisha Burton na Speke Ujiji. Ziwa la kwanza walilipokea na jina lake. Mwezi wa Agosti mwaka 1858 Speke alikwenda kaskazini bila mwenziwe, akaliona ziwa jingine, naye akaliita Viktoria kwa heshima ya malkia wake. Maji yale hayakuwa hayana jina. Watu wa kandokando waliyaita Nyanza, na Waganda huyaita Nalubaale. Ramani ilifunika majina hayo kama NumPy ilivyomfunika "sum", na kelele haikusikika kwa sababu ile ile: waliokuwa wakiita majina ya zamani hawakuwa wenye kuchapa ramani. Waliendelea kuita, na ziwa likaendelea kuitika nyumbani. Waliolipa gharama ni watoto wao, waliojifunza shuleni jina la pili la maji waliyokuwa wakioga.

Wapo wanaodhani kwamba ugomvi wote ungekwisha lau kila mgeni angebandikwa alama ya ugeni tangu mlangoni. Kurasa za intaneti zina kanuni moja ya namna hiyo, tena nzuri: mtu akibuni kipande chake cha ukurasa ni lazima jina lake liwe na kistari katikati, na wenye lugha wameahidi kwamba vipande vyao vipya vya asili havitakuwa nacho. Kistari cha Kigoma-Ujiji huunganisha, hicho hutenganisha, vyote viwili huleta amani. Lakini alama ya ugeni ina ubaya wake, nao ulionekana mahali pengine. Kwa miaka mingi majina ya majaribio katika barua na ujumbe wa intaneti yalianzishwa kwa herufi X na kistari, kumaanisha kwamba hayajawa rasmi. Yaliyofaulu yalienea na X yao. Yalipotaka kufanywa rasmi, ikabidi ama kuwavunjia watu kazi kwa kuiondoa herufi, ama kuyatunza majina mawili kwa kitu kimoja. Mwezi wa Juni mwaka 2012 jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, lilitoa waraka namba 6648 likashauri desturi hiyo iachwe. Mgeni aliyeoa, akazaa na kuzika mjini, hapendi kuendelea kuitwa wa kuja; wala watoto wake hawajui waitweje.

Majina mawili kwa kitu kimoja nayo ni habari ambayo ziwa hili limewahi kuiona. Livingstone alipofika mwisho wake wa kusini mwaka 1867 aliambiwa kwamba maji yale ni Liemba, akayaandika kama ziwa mbali na Tanganyika. Ilipojulikana kwamba ni maji yale yale, jina la Liemba lilibaki bila kitu cha kuita katika ramani. Miaka 60 baadaye likapata kazi. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuundwa Kigoma, ilizamishwa na wenyewe mwezi wa Julai mwaka 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na ilipoanza safari tena mwezi wa Mei mwaka 1927 iliitwa Liemba. Jina lilitoka kwenye maji likaingia juu ya chombo kinachoelea juu ya maji hayo hayo, na hapakuwa na mgongano, kwa kuwa hakuna tena aliyeandika Liemba akikusudia ziwa zima.

Urahisi huo wa Liemba ndio unaokosekana kwa wenye lugha za mashine. Waliolipa jina la meli walijua nani anaita nini kandokando ya ziwa. Kamati haiwezi kujua, maana kurasa zilizoandikwa zamani hazihesabiki, na nyingine hufunguliwa na watu wachache tu kwa mwaka. Hujaribu, husikiliza kilio, kisha hutengua. Katika miaka ya karibuni walitaka kitendo cha kuvigawa vilivyomo katika orodha makundi makundi, wakakiita "groupBy". Nyongeza ya zamani iitwayo Sugar ilikuwa imekwisha kuwekea jina hilo juu ya orodha. Wakalifupisha likawa "group"; hilo nalo likavunja ukurasa mahali fulani. Mwishoni walilirudisha jina la kwanza, lakini wakamwondoa mwenyeji huyo katika nyumba ya orodha na kumkalisha katika chumba kingine, ambako huitwa kwa kutaja kwanza jina la chumba, kisha nukta, kisha jina lake. Aliingia katika lugha hivyo mwaka 2024, mwenyeji wa asili anayetaja kwao kila aitwapo, kama dagaa walioshuka Dar es Salaam kutoka katika gari moshi.